Jemima Kanze, Aliyefuta Dharura Akaandika Yowe

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, jamaa wa Ndavaya na wa Ukunda, majirani, na wafanyakazi wenzake wa hotelini na wa barabarani, amani ya Bwana iwe nanyi, na ndugu zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi chini ya turubai hili tangu jana, asalaam aleikum. Familia imeniagiza nisome maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, pasipo kuongeza sifa wala kupunguza makosa, kwa maana Yeye aliyemwumba anayajua yote, na mbele zake hakuna maisha yanayohitaji kupakwa rangi.

Marehemu Jemima Kanze Chome alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 3 Aprili 1968, nje kidogo ya Ndavaya, Kinango, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Chome na Mama Kache, ambao wote wawili wametangulia mbele za haki. Siku hiyo baba alikuwa malishoni, mama alikuwa anatoka bwawani na mtungi kichwani, uchungu ukamshika njiani akiwa peke yake, akautua mtungi akapiga yowe, na wanawake wa miji ya jirani wakamkimbilia, wengine wakiwa na unga mikononi na mmoja akiwa na mwiko wake, mtoto akapokewa kwenye leso juu ya mchanga. Tangu hapo Mama Kache alizoea kumwambia bintiye kwamba wenzake waliletwa duniani na mkunga, yeye aliletwa na yowe.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi aliachwa nyumbani kuchunga vifaranga, akaona kenge anaingia kwenye kizimba, akapiga yowe kwa nguvu zake zote, na watu wakaja kutoka kila upande, wanaume na mapanga, vijana na pinde, wakamkuta mtoto amesimama juu ya kinu na kenge ameshakwenda zake. Walicheka sana, na mzee mmoja akamwuliza, "Kanze, umetuitia vita na mjusi?" Baba yake hakumchapa, alimshika mkono akampeleka kwa kila aliyekuja, nyumba kwa nyumba, ili awaambie asante, na mtoto alipouliza anawashukuru kwa lipi ilhali hawakufanya kitu, baba akamjibu kwamba walikuja, na kuja ndicho kitu chenyewe. Ninawaomba mlishike jambo hilo dogo, kwa sababu litarudi.

Alisoma shule ya msingi hapo Ndavaya kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari ya bweni huko Kwale kuanzia 1982 hadi 1985, alikofanya mtihani wa kidato cha nne akafaulu vizuri katika Kiingereza na hesabu. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1984, mwaka ule wa ukame uliomaliza ng'ombe wa baba yake, akachagua mwenyewe jina la Jemima, jina la binti aliyezaliwa katika nyumba ya mtu aliyepoteza kila kitu na bado hakumlaani Mungu wake. Mwaka 1987 alisomea kazi ya simu mjini Mombasa, na tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa kuwa opereta katika hoteli moja ya Diani, akakaa mbele ya ubao wa simu kwa miaka ishirini na sita.

Kazi hiyo ilimfinyanga sikio. Aliijua sauti ya mtu aliyekunywa, sauti ya mtu anayelia huku amefunika mdomo, na sauti ya mgeni anayetaka kuulizia kiamshakinywa ilhali shida yake ni upweke, akajifunza Kijerumani cha kutosha kumwuliza mtu anaumwa wapi. Juu ya kila simu ya chumbani palikuwa na karatasi iliyosema kwamba kwa dharura mgeni abonyeze sifuri, na kwa miaka yote hiyo sifuri ilipolia palikuwa na mtu aliyeungua, aliyeanguka bafuni, au aliyetolewa baharini akiwa hapumui. Hivyo neno dharura lilibadilika polepole sikioni mwake, likawa jina la jambo lisiloweza kungoja hata pumzi moja, naye hakutambua kwamba huko nje, masokoni na mabarazani, neno lenyewe lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote.

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga pingu za maisha na Bwana Elija Sanga, fundi wa majokofu katika hoteli ileile, ambaye yupo hapa nasi na ambaye husema kwamba aliisikia sauti ya mkewe kwenye simu mwaka mzima kabla ya kuiona sura yake, na kwamba aliyaharibu majokofu mawili kwa makusudi ili apigiwe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kache aliyezaliwa mwaka 1991, Beryl aliyezaliwa 1994 akapewa jina la rafiki wa kazini aliyempeleka mama yake hospitalini, na Chome aliyezaliwa 1999. Waliwalea Ukunda, mtaa wa Mwamambi, katika nyumba ambayo mlango wake haukufungwa mchana, na kwa sala ambazo hazikuwa fupi, kama watoto wenyewe watakavyothibitisha.

Hoteli ilifungwa tarehe 31 Oktoba 2014, akakaa nyumbani akishona na kuongoza idara ya akina mama kanisani, mpaka mwezi wa Novemba 2018, Chama cha Usafiri cha Mkurumudzi, ambacho magari yake huenda Likoni, Msambweni, Shimoni na Lunga Lunga, kilipomwita. Chama kilikuwa kimeamua kuweka katika kila gari kengele ya usalama wa abiria, yaani kitufe chekundu kando ya viti, ambacho mtu akikibonyeza kengele hulia kwa dereva, na papo hapo habari hufika kwa mlio katika chumba kidogo cha ghorofani pale Kona ya Musa, Ukunda, ikionyesha ni gari gani na liko wapi barabarani, ili aliye chumbani ampigie simu kondakta na kutafuta msaada. Jemima alipewa chumba hicho akisimamie pamoja na Bi Twaiba, aliye nasi leo, na aliulizwa juu ya kitufe paandikwe nini. Alijibu bila kufikiri. Paandikwe DHARURA.

Sisi wa pwani tunajua neno hilo tunalitumiaje. Mtu aliyeshindwa kufika harusini huleta salamu kwamba alipata dharura, mtu anayetaka kuondoka barazani huomba radhi kwamba ana dharura kidogo, na mwenye adabu hamwulizi dharura gani, kwa sababu huenda ni choo, huenda ni deni, huenda ni mke wake, na kuuliza ni kumvua mtu nguo mbele za watu. Basi wiki ya kwanza kengele hazikunyamaza. Mama mmoja wa Tiwi alibonyeza kwa kuwa alikumbuka ameacha maharagwe jikoni, bwana mmoja wa Gazi alibonyeza kwa haja zake, kijana alibonyeza alipomwona mkwewe kando ya njia ili ashuke kumwamkia, na kila Twaiba alipopiga simu kondakta alimjibu kwa upole uleule, "Abiria ana dharura yake, bibie, tumeshamstahi." Makondakta wakaanza kumwita Jemima Mama Dharura, wakipita chini ya dirisha wanampigia kelele kwamba kuna mtu amebanwa, alete ndoo. Baada ya miezi mitatu madereva walikuwa wameziziba kengele zao kwa vitambaa, na Jemima mwenyewe, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuiacha sifuri ilie mara mbili, akawa na desturi ya kuuacha mlio wa kwanza upite, akingoja wa pili ndipo ainue simu. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Kuchoka kulimwagiza.

Siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, Mzee Kheri, mfanyabiashara wa samaki, alipanda gari la chama huko Shimoni akielekea Ukunda. Walipoipita Ramisi kifua kilimbana, akabonyeza kitufe mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Kondakta aligeuka akamwuliza, "Mzee, una dharura?" naye akajibu, "Naam, mwanangu, dharura kidogo tu, ukinisaidia," na kondakta, kwa heshima, akamwomba avumilie watasimama Msambweni. Gari lilisimama Msambweni. Watu walishuka, watu walipanda, mzee hakushuka, na kondakta akadhani haja imepita, akaona si vizuri kumwuliza mtu mzima mbele ya wanawake, akagonga bodi gari likaondoka, likaipita njia ya hospitali, na walipofika Gazi abiria wa karibu waliona mzee amelaza kichwa dirishani na haamki. Pale Kona ya Musa, Jemima aliliona jina la gari likiwaka kwenye kioo, akangoja mlio wa pili. Haukuja.

Kondakta yule alikuwa Tsuma, yuko hapa, ni mmoja wa waliochimba kaburi hili, na jina lake limesomwa kwa ruhusa yake mwenyewe. Hakuna aliyeshtakiwa, wala daktari hakusema kwamba mzee angepona. Lakini swali lililoulizwa na Mungu shambani, kuhusu ndugu mmoja na mahali alipo, haliulizwi mahakamani, huulizwa ndani ya mtu, na Jemima aliulizwa. Mumewe anasema kwamba aliacha kuimba akipika. Alisoma mara nyingi habari za mlinzi aliyewekwa juu ya ukuta wa mji, ambaye akiona hatari inakuja asipige baragumu, damu ya aliyekufa hutakwa mkononi mwake, na Mchungaji alipojaribu kumfariji kwamba yeye hakuiona hatari, akamjibu kwamba baragumu ilipigwa, Mchungaji, ni mlinzi aliyekuwa amechoka.

Alikwenda Shimoni kuhani, yeye na Bwana Abdulaziz, mwenyekiti wa chama. Mwenyekiti alibaki barazani na wanaume, kwa kuwa Bi Mwanasha, mjane wa Mzee Kheri, alikuwa amekaa eda, na Jemima akaingizwa ndani, akaamkia, akasema poleni. Bi Mwanasha, aliyekubali tuyaseme haya, alimshika goti akamwambia kwamba ajali ina wakati wake na hamlaumu mtu, ila kuna jambo moja linamkaa rohoni, "Mume wangu, mama, alikuwa mtu wa haya. Nyinyi mmemwandikia dharura, na mwenye dharura huomba ruhusa. Ameomba ruhusa ya kufa, akapewa. Mngemwandikia yowe, angepiga yowe."

Jemima na mwenyekiti walirudi kwa gari la chama. Walipofika Kona ya Musa, kabla hajashuka, alimwambia mwenyekiti kwamba anataka kufuta neno moja katika magari yote ya chama.

Halikuwa jambo jepesi, na Bwana Abdulaziz ni mtu mwungwana, atanisamehe nikisema kwamba alilipinga kwa miezi mitano. Katika mkutano wa wenye magari alisema gari ni la abiria, si la wafiwa, na mtu akipanda akaliona neno YOWE limemtazama usoni atashuka akapande kwa wenzetu. Mwingine alisema watalii watauliza maana yake nini tuwajibu nini, mwingine akataka paandikwe kwa Kiingereza ili watu waliotoka bara waelewe, na mmoja akauliza kwa dhihaka kama kila gari litapewa na bibi wa kulia. Jemima alingoja wacheke mpaka waishe. Kisha aliwaambia habari ya kenge na kizimba, na jinsi watu walivyokuja na mapanga kwa ajili ya mtoto wasiyejua amepatwa na nini, akasema kwamba katika nchi hii yote, Mdigo, Mduruma, Mswahili wa visiwani na hata aliyehamia jana kutoka bara, hakuna anayepiga yowe kwa sababu ya maharagwe, na hakuna anayelisikia akauliza kwanza ni la nini. Akawaambia, "Neno nililowapa mimi linamfanya mgonjwa awe na adabu na linatufanya sisi tuwe na subira. Nataka neno litakalotutoa wote wawili katika adabu." Mwenyekiti aliuliza rangi itagharimu nini, na wote wakajua amekubali.

Mwezi wa Septemba 2019 magari yote yaliandikwa upya. Paliwekwa vitufe viwili, cha kijani kilichoandikwa SHUSHA, ambacho mtu hubonyeza kwa maharagwe yake na mkwewe, na chekundu kilichoandikwa YOWE. Kwa kuwa yowe hujibiwa kwa yowe, Jemima alipanga kwamba habari ya kitufe chekundu isiishie chumbani, iwafikie madereva wote walio njia hiyo, na katika kila steji, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, wawepo watu waliokubali kuitika, muuza mihogo, fundi wa baiskeli, mwendesha bodaboda, muuguzi wa zahanati. Na kwa aliyebonyeza bure hakuweka adhabu yoyote, aliweka sharti moja tu, kwamba asimame awashukuru waliokuja. Mzee mmoja wa Waa aliyekidhania kitufe kuwa ni taa alishukuru kwa kirefu sana, akianzia kwa babu zake, hata abiria wakaomba aruhusiwe kukaa.

Tarehe 8 Juni 2022, binti aitwaye Hafsa, mwanafunzi wa ualimu, alionyeshwa kisu na mtu aliyeketi naye baada ya kuipita Msambweni, akakibonyeza kitufe chekundu bila kutoa sauti, na gari lilipofika Gazi liliwakuta wauza samaki, waendesha bodaboda na akina mama wamejaa barabarani, mmoja wao ameshika jiwe la kusagia, na yule mtu alikitupa kisu kabla hajaambiwa. Hafsa yuko hapa leo, na ni mwalimu. Siku ile Twaiba alipomweleza Jemima yaliyotokea, hakushangilia, aliuliza kama kuna aliyemshukuru yule mama wa jiwe, alipoambiwa hapana, akapanda gari akaenda Gazi mwenyewe.

Makondakta walibadilisha jina lake, wakamwita Mama Yowe, na jina hili alilipokea. Aliwafundisha kila mwezi pale steji, akisimama juu ya kreti la soda, na alikuwa mkali. Aliwaambia kwamba kuhani na mtumishi wa hekalu waliompita mtu aliyejeruhiwa njiani hawakuwa watu wabaya, pengine walikuwa na adabu zao, pengine walisema moyoni kwamba yule bwana ana dharura yake tusimwaibishe, na kwamba kipofu aliyeketi kando ya njia alipona kwa sababu umati ulimwambia anyamaze naye akazidi kupaza sauti. Aliwaambia kwamba Mwokozi hajapata kuitwa kwa yowe akangoja la pili. Na aliwaambia, mara kwa mara hata wakawa wanamwigiza, kwamba mkimsikia mtu mzima anasema ana dharura kidogo, mwulizeni ni dharura gani, mwonekane hamna adabu, nitawajibia mimi kwa Mungu. Tsuma hakuwa akiigiza. Alikuwa akisimama nyuma ya wenzake, na kwa miaka yote hiyo, gari lake likipangiwa njia ya Shimoni, aliomba abadilishwe.

Mwaka 2023 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo, akaanza kwenda kliniki hospitalini Msambweni, akaendelea na kazi. Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Septemba 2025, alitoka kliniki mchana akapanda gari la chama kurudi nyumbani, na kondakta wa gari hilo alikuwa Tsuma. Walipokuwa wanakaribia Gazi, marehemu alikibonyeza kitufe cha kijani. Ndivyo alivyofanya, watu wa Mungu, yeye aliyetufundisha sote, alibonyeza SHUSHA, na Tsuma alipomwendea akamwambia kwa sauti ndogo, "Samahani, mwanangu, nina dharura kidogo, nishushe hapa nipate hewa." Sidhani kama alifikiri. Yalikuwa malezi yake yanayosema, yaleyale ya Mzee Kheri, haya ya mtu mzima asiyetaka kuwasimamisha wenye safari zao.

Tsuma amesimulia kwamba aliposikia neno hilo alimkumbuka Mzee Kheri, maana ilikuwa barabara ileile. Akamwuliza, "Dharura gani, mama?" Akajibiwa, "Ya kawaida tu." Akauliza tena, kwa nguvu, mbele ya gari zima, "Mama, nakuuliza, dharura gani?" na abiria mmoja akamkemea kwamba kijana huna haya, unamhoji mama yako. Hapo aliuona mkono wa marehemu umekishika kifua juu ya leso, akanyoosha mkono wake mwenyewe akakibonyeza kitufe chekundu, na hakukiachia.

Pale Kona ya Musa, Twaiba aliinua simu mlio wa kwanza ukiwa haujaisha. Gari liligeuzwa papo hapo, magari yaliyokuwa nyuma yalijitenga kando, waendesha bodaboda wa Msambweni walilipokea wakalitangulia wakipiga honi, na mlangoni mwa hospitali machela ilikuwa inangoja. Yule abiria aliyekemea ndiye aliyemshika marehemu kichwa njia nzima.

Daktari aliwaambia wana kwamba angefikishwa baadaye kidogo asingekutwa hai, na kwamba moyo ulikuwa umechoka mno, wajiandae. Lakini Bwana alimpa siku, na siku hizo alizitumia. Kache alifika kutoka Nairobi, Beryl kutoka Voi, Chome alilala sakafuni kando ya kitanda, na Bwana Sanga alimwimbia, kwa sauti ambayo haikuumbwa kwa kuimba, nyimbo zote alizoziacha mkewe mwaka ule wa 2019. Tsuma alipokuja kumwangalia, marehemu alimkaripia kwamba amempigia yowe bila ruhusa yake, naye akajibu, "Yowe halina ruhusa, mama, umetufundisha mwenyewe," na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Jumamosi moja alasiri Bi Mwanasha alifika kutoka Shimoni na chupa ya uji wa pilipili manga, na akamkuta Tsuma chumbani. Hawakuwa wamewahi kuonana. Tsuma aliinuka atoke, hakujua aweke wapi macho, na marehemu, aliyekuwa haongei sana siku hiyo, akamtaja jina lake na kazi yake, basi, na habari ya siku ile garini ilikuwa imeshafika Shimoni. Bi Mwanasha aliweka chupa chini. Akamwambia Tsuma, "Safari hii umeuliza, mwanangu." Kisha akammiminia uji, yeye kwanza, kabla ya mgonjwa, na Tsuma akaunywa huku analia. Marehemu aligeuza uso ukutani, na jioni hiyo alimwambia mumewe kwamba mlio ule aliouacha upite umepata wa kuuitikia.

Jemima Kanze Chome alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, alfajiri, hospitalini Msambweni, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni kwa mikono yao na kwa ukweli wao, majirani wa Mwamambi waliopika na kufagia na kulala nje tangu siku ya kwanza, Waislamu na Wakristo bila kuulizana, Mchungaji na wazee wa kanisa, Bwana Abdulaziz na chama chote kwa magari yaliyomleta mama yetu na nyinyi mpaka hapa Ndavaya, Bi Twaiba aliyekubali kubaki na chumba kile, Bi Mwanasha aliyetupa neno, na Tsuma aliyekosa adabu kwa wakati wake. Kama babake marehemu alivyomfundisha, tunawashukuru kwa sababu mlikuja.

Lakini hatutaondoka hapa tukiwa tumelia tu. Kila mmoja wetu amepata kumpita mtu akajiambia kwamba ana yake, tusimwaibishe, na wengine miongoni mwetu tunaufahamu mlio tuliouacha upite jana tu, nyumbani mwetu, kwa mke, kwa mzazi, kwa mtoto anayesema hana kitu. Mungu ni mwenye rehema na atatuuliza. Heri tuulizane sisi kwanza.

Jemima, mwana wa Chome, uliyeletwa duniani na yowe, siku baragumu ile ya mwisho itakapolia tunajua hutangoja mlio wa pili. Mpaka hapo ondoa mkono kwenye simu, zamu hii ni yetu, pumzika kwa amani.